Yale Waliyomwambia Ayaondoe

Dada wa msichana aliyepotea alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mkabala na mlango wa Kituo cha Uandishi, na tangu chuo kilipofunguliwa asubuhi hakuna mlinzi aliyefaulu kumwondoa. Alikuwa fundi cherehani. Alitoka dukani kwake kwa haraka, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni. Inspekta alipofika karibu, dada huyo alisimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Leo ni siku ya nne. Mtu akipotea hivi, mnamtafuta yeye au mnatafuta mwili?"

Sajini, aliyekuwa nyuma, alianza kukohoa bila kuwa na kikohozi. Inspekta hakupenda kuwadanganya ndugu za watu, na hakupenda pia kuwavunja moyo kabla ya wakati.

"Leo bado tunamtafuta yeye," alisema. "Kaa hapo. Likitokea neno utalisikia kwangu, si kwa mtu mwingine."

Msichana mwenyewe alikuwa mwaka wa tatu, akisomea utunzaji wa kumbukumbu. Ijumaa alitoka bwenini na mkoba wake, kompyuta ikiwa ndani, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Siku mbili za mwanzo polisi walizipoteza kwenye vituo vya mabasi, kwa sababu msimamizi wake wa masomo, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa amekuja kituoni mwenyewe kueleza kwamba alimwona akipanda basi na mwanaume. Alikuja na picha za msichana, amezichapisha kwa gharama zake. Hata Sajini alisema laiti walimu wote wangekuwa hivyo. Lakini hakupatikana dereva, utingo wala abiria aliyemwona, na kilichobaki ni neno la msichana anayelala naye chumba kimoja: wiki ile mwenzake alikuwa akishinda Kituo cha Uandishi, na siku moja alimwona kwenye ngazi za maktaba akilia, na kijana wa pale Kituoni amembebea mkoba.

Kituo chenyewe kilikuwa ukumbi mmoja uliogawanywa kwa mbao na vioo kuwa vibanda. Kila kibanda kilikuwa na meza na viti viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, maana hapo hakuna kukaa uso kwa uso kama kwa daktari. Mwanafunzi huja na kazi yake, huisoma kwa sauti, na mshauri husikiliza. Mshauri hashiki kalamu. Habaki na nakala. Karatasi huingia na mwenyewe na kutoka na mwenyewe. Mkuu wa Kituo, mama mrefu mwenye miwani ya kusomea juu ya kichwa, alieleza utaratibu huo kwa fahari, na Inspekta alimsikiliza huku moyo ukimshuka. Maana yake ni kwamba yale aliyoyaandika msichana hayakuwa popote ila kwenye mkoba uliopotea naye.

"Alihudumiwa na nani?" Inspekta aliuliza.

"Na sote. Tupo watatu tu. Kwanza Mwalimu, halafu Pumua, halafu mimi."

"Pumua?"

"Ndivyo wanafunzi wanavyomwita. Kila mtu akisoma mbio anamwambia apumue."

Walianza na huyo Pumua. Alikuwa kijana mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, na alikaa ubavuni mwa Inspekta badala ya kukaa mbele yake. Sajini alimwonyesha kiti cha upande wa pili.

"Jana uliniambia hujawahi kuzungumza na yule binti nje ya kibanda," Sajini alisema.

"Ndiyo."

"Na kwenye ngazi za maktaba ulikuwa unaimba?"

Pumua alitazama meza. "Haturuhusiwi kumfuata mtu nje kuhusu kazi yake. Mkuu akijua, nafukuzwa."

"Mtoto wa watu hajulikani alipo, wewe unaogopa kufukuzwa."

"Alikuwa analia. Nikambebea mkoba mpaka pale, basi. Sikumfanya lolote."

"Alikuwa analia nini?" Inspekta aliuliza.

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza?"

"Wengi hulia hapa, afande. Ikifika wiki ya kukusanya kazi, hata wanaume hulia. Nilidhani kazi imemlemea."

"Hiyo kazi ilihusu nini?"

"Ni tafakuri ya mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anaeleza alichojifunza alipopelekwa kazini." Kijana alichangamka kidogo, kama mtu aliyefika uwanja wa nyumbani. "Tatizo lilikuwa mtiririko. Sentensi zake zilirukaruka, na kulikuwa na marudio mengi."

"Nakuuliza ilisema nini, siyo ilikaaje."

Pumua alijaribu kukumbuka. "Kwa kweli sikumbuki vizuri," alisema, na Inspekta aliona kwamba hapo hakudanganya.

Walipotoka, Sajini alikuwa tayari na pingu mkononi. "Afande, huyu tumchukue. Mtu akikudanganya jana, leo hawezi kukosa jingine."

"Ijumaa mchana alikuwa wapi?"

Sajini alikwenda kuuliza, akarudi amenuna. Ijumaa mchana kutwa Pumua alikuwa kibandani na wanafunzi, mmoja akitoka mwingine akiingia, mpaka Mkuu alipofunga mlango kwa ufunguo wake. Watu wanane walikuwa tayari kuapa. Pingu zilirudi kiunoni.

Mwalimu ndiye aliyefuata. Alikuwa mzee aliyestaafu kufundisha shule za sekondari, mwenye sauti ya kupanga watu mistari. Aliwapokea kwa adabu zote, akawauliza habari za kazi na habari za nyumbani, kisha akaufumba mkono wake mezani.

"Nilimsikiliza mara moja," alisema. "Utangulizi mzuri sana. Katikati akapotea."

"Ndicho kilichotuleta, Mwalimu," Sajini alisema.

Mzee hakucheka, na Sajini mwenyewe alijutia ulimi wake.

"Katikati kulikuwa na nini?" Inspekta aliuliza.

"Maelezo. Maelezo mengi kuliko hoja. Ni kosa la vijana wote."

"Maelezo ya nini?"

"Mama, mimi husikiliza muundo wa kazi. Nikianza kufuata kila kisa cha kila mtoto, nitakesha. Kazi yetu si kuuliza kama jambo ni la kweli. Tunauliza kama linaeleweka."

Inspekta alimshukuru, akatoka. Alikuwa amekasirika. Watu watatu wamekaa bega kwa bega na msichana akisoma kwa sauti yake mwenyewe, na wote watatu walikuwa na masikio mazima, na bado ungedhani walikuwa wamesikiliza mvua ikinyesha juu ya bati.

Alisimama ukumbini, mgongo kwenye kabati, akatafuta la kufanya. Mwalimu alikuwa ameshamwita mwanafunzi mwingine, na kupitia kioo Inspekta aliwaona vizuri; mbao zilikuwa nyembamba na sauti zilipita. Mwanafunzi alikuwa anasoma kuhusu maradhi ya mimea. Alifika mahali alipoeleza jinsi shamba la babu yake lilivyokauka lote, na babu akawa anaenda kila siku kulitazama ingawa hakukuwa na cha kuvuna. Mwalimu aliinua kidole.

"Hapo kwa babu. Panahusiana na hoja yako?"

Mwanafunzi alitafakari. "Hapana, Mwalimu."

"Basi paondoe."

Mwanafunzi alipiga mstari, akaendelea mbele, na hakuonyesha kusikitika. Mwalimu alimpa mifano ya nini cha kuweka badala yake, na mifano hiyo aliitoa bila kusita, moja baada ya nyingine. Inspekta aliondoka kwenye kabati.

"Sajini, tumekuwa tukiwauliza kitu wasichokihifadhi," alisema. "Hawa hawakumbuki mtu alichosoma. Wanakumbuka ushauri waliompa. Waite wote ofisini kwa Mkuu."

Ofisi ilikuwa ndogo na walibanana. Mkuu aliketi nyuma ya meza yake, Mwalimu akapewa kiti, Pumua alisimama karibu na mlango. Inspekta hakuketi.

"Sitaki tena kujua aliandika nini," alisema. "Nataka kila mmoja aniambie alimwambia aondoe nini. Mwalimu, wewe ndiye wa kwanza."

Mzee hakuhitaji hata kufikiri. "Aya ya chumba."

"Chumba gani?"

"Chumba alichofanyia mafunzo. Alikielezea mno. Kwamba hakina dirisha. Kwamba ukuta mmoja una joto, ukiuegemea ni kama umemwegemea mgonjwa wa homa. Kwamba kabla hakujapambazuka unasikia harufu ya mikate, halafu baadaye unasikia watoto wakiimba hesabu. Nikamwambia hayo ni mapambo. Tafakuri inataka ulichojifunza, haitaki harufu."

"Kabla hakujapambazuka," Inspekta alirudia.

"Ndivyo alivyosema."

"Mwalimu, mwanafunzi aliyepelekwa mafunzoni anafanya nini kazini kabla hakujapambazuka?"

Mzee alibaki na mkono hewani.

"Sikujiuliza hivyo," alisema hatimaye. "Nilijiuliza kama inahusiana na hoja."

"Alilala humo," Sajini alisema. "Mtu hulala kwenye chumba kisicho na dirisha kwa sababu gani, kama si kufungiwa?"

Inspekta alimgeukia Pumua.

"Mimi nilimwambia amtoe mtu," alisema polepole.

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Alimwita tu 'mtu huyo'. Ndiyo hayo marudio niliyowaambia. Mtu huyo alifunga mlango. Mtu huyo alirudi asubuhi na soda. Mtu huyo alisema nitatoka nikishapata adabu. Nikamwambia msomaji hatajua huyu ni nani, ama amtaje jina ama amtoe kabisa. Akanyamaza sana. Nikamwambia apumue." Alijifuta midomo. "Halafu akamtoa."

"Na hiyo ndiyo siku uliyombebea mkoba."

"Ndiyo hiyo."

"Ukamsikia msichana anasema amefungiwa chumbani usiku kucha, ukamrekebishia marudio."

"Afande, nilidhani ni mtindo. Wengine huandika hivyo, kutia chumvi. Nilidhani..." Hakumaliza. Alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyemwambia apumue.

Alibaki Mkuu. Alikuwa ameishusha miwani kutoka kichwani na kuikunja.

"Alipofika kwangu hakukuwa na chumba wala mtu," alisema. "Kazi ilikuwa safi. Mwishoni tu kulikuwa na sentensi inayosema hatarudi pale hata kwa shahada. Nikamwambia tafakuri haifungwi kwa hasira."

"Akaiondoa?"

"Alinitazama kwanza. Akaniuliza, 'Lakini wewe mama umeelewa?' Nikamwambia..." Mkuu aliiweka miwani mezani. "Hili tunawaambia wote. Tunawauliza, nani atakayeisoma? Ili wamfikirie msomaji wao wakiandika. Nikamwambia mimi siye msomaji wako. Msomaji wako ni msimamizi wako. Mpelekee rasimu leo leo, mkae muipitie pamoja."

"Leo leo ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa. Alitoka hapa moja kwa moja."

Inspekta alisogea mezani. "Na huko mafunzoni alikuwa chini ya nani?"

"Chini ya huyo huyo. Msimamizi wake ndiye mtunza kumbukumbu wa chuo. Alimchukua kwenye idara yake."

Mwenye kuleta picha zilizochapishwa kwa gharama zake. Mwenye kumwona akipanda basi. Sajini alitukana kwa sauti ya chini, akaomba radhi kwa Mwalimu, kisha akajipiga paji la uso.

"Kiwanda cha mikate," alisema. "Kimeungana ukuta na jengo refu halina dirisha hata moja, limeandikwa jina la chuo. Na mbele yake ni shule ya msingi. Mwanangu anasoma pale, kila asubuhi wanakariri hesabu mpaka barabarani unasikia."

"Ni ghala la mitihani ya zamani," Mkuu alisema. "Funguo anazo yeye peke yake." Alisimama ghafla, akashika ukingo wa meza. "Inspekta, nilimpigia simu."

"Lini?"

"Asubuhi, mlipofika. Niliona ni adabu kumjulisha kwamba polisi wanaulizia rasimu ya mwanafunzi wake. Akanishukuru."

Sajini alikuwa ameshapiga simu idarani. Aliiziba simu kwa mkono na kusema kwamba katibu anasema bosi ametoka, amekwenda kusimamia uchomaji wa mitihani ya miaka ya nyuma. Ilikuwa kwenye ratiba ya mwezi ujao, lakini ameona aimalize leo.

Hawakuaga. Ukumbini, yule dada alisimama tena, akaona nyuso zao, na hakuuliza kitu. Inspekta alimwambia, "Sasa tunajua alipo," akaendelea kukimbia, na hakusema zaidi ya hapo kwa sababu hakujua zaidi ya hapo.

Njiani Sajini aliendesha kwa king'ora mpaka karibu na shule, kisha akakizima. Inspekta aliomba gari la wagonjwa, akaomba zimamoto, akaangalia mbele kutafuta moshi juu ya mapaa. Aliuona, kisha akaona unatoka kwenye bomba la kiwanda cha mikate.

Gari la msimamizi lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ghala. Alikuwa ndani yake, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na dumu la mafuta ya taa, amelifunga mkanda wa usalama lisimwagike. Alipowaona alishusha kioo na kutabasamu kwa uchovu.

"Karibu, Inspekta. Mmenikuta nataka kuchoma makaratasi."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Kidogo." Alilitazama dumu. "Nilikuwa nafikiri."

"Funguo."

"Mle ndani ni nyaraka za chuo. Mnahitaji kibali cha..."

Sajini alifungua mlango wa gari akamtoa kwa ukosi wa shati. Funguo zilikuwa mfukoni, na hakushindana. Alipokuwa akifungwa pingu aliomba tu wasimkunjie koti, na jambo hilo lilimchukiza Inspekta kuliko lingine lolote lililotokea siku ile.

Ndani kulikuwa na giza na joto. Rafu zilipanda mpaka darini, zimejaa mafurushi ya mitihani yaliyofungwa kwa kamba, majibu ya watu waliokwisha kufaulu, kushindwa na kuzeeka. Inspekta aliwasha tochi, akaita. Hakuna aliyeitika. Alipita rafu moja, akapita nyingine, akiita kwa jina ambalo dada yake humwitia nyumbani, na alikuwa ameanza kuelekeza tochi chini, anakotafutwa mtu asiyeweza kuitika, alipoona chupa tupu za maji na pakiti za biskuti.

Msichana alikuwa amekaa nyuma ya rafu ya mwisho, amejifunika makaratasi. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa wazi, na yaliufuata mwanga wa tochi. Alikuwa hai. Inspekta alipiga magoti, akamshika mkono.

"Mimi ni polisi," alisema. "Dada yako anakungoja. Aliyekufungia ameshakamatwa, yuko nje, hawezi kukugusa tena. Unanisikia?"

Msichana aliinamisha kichwa kuonyesha kwamba anasikia. Inspekta alimnywesha maji kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha akauliza swali ambalo utaratibu unataka liulizwe kwanza, kwa kuwa jibu lake sharti litoke kinywani mwa aliyetendewa, na bila hilo wakili yeyote atalipasua shauri zima.

"Nani alikufungia humu?"

Msichana alimtazama.

"Nilishasema," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa.

"Niambie na mimi."

"Niliwasomea wote." Alifumba macho. "Sina tena cha kuondoa."

Inspekta alimwambia kwamba hataondoa kitu, aanze popote atakapo, aseme vyovyote itakavyokuja. Akakaa sakafuni kando yake akangoja. Msichana aligeuza uso upande wa ukuta, na mpaka gari la wagonjwa lilipofika hakuwa amesema neno jingine.